Saketi za Nje Zinapojikata Wakati wa Mvua ya Radi: Namna ya Kukisaka Chanzo

Mvua ya radi haiji na jambo moja. Huja na upepo unaotikisa kebo na matawi, maji yanayopenya kila tundu, radi yenyewe, na kuyumba kwa umeme wa gridi ambao huweza kukatika na kurudi mara kadhaa ndani ya dakika chache. Taa za bustani zinapozimika katikati ya vurugu hiyo, mwenye nyumba husikia ngurumo, huona giza, kisha huhitimisha kwamba radi ndiyo iliyokata umeme. Mara nyingine huwa kweli. Hata hivyo, katika saketi nyingi za nje nilizowahi kuzifungua, radi ilikuwa imesingiziwa kosa la maji, na maji yenyewe yalikuwa yameonyeshwa njia na aliyetoboa tundu la kebo juu ya kisanduku badala ya chini yake.

Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unafuata saa. Dakika ambayo saketi ilijikata, ikilinganishwa na dakika ambazo upepo, matone na ngurumo vilianza, hueleza mengi kuliko kipimo kitakachochukuliwa kesho yake juani. Anayesumbuliwa na tatizo hili na aweke kalamu na karatasi karibu na kisanduku cha breka, na kila linapotokea aandike ni kifaa kipi kilichoanguka, yaani kilichojishusha na kukata umeme, mvua ilikuwa imenyesha kwa muda gani, ni vyombo gani vilikuwa vinafanya kazi, na kifaa kilikubali kurudishwa baada ya muda gani. Kumbukumbu za mvua tatu za namna hiyo humwokolea fundi nusu siku ya kubahatisha.

Kabla ya kugusa chochote

Radi ikiwa bado inapiga, hakuna saketi ya nje inayostahili kufuatwa. Sauti husafiri takriban kilomita moja kwa kila sekunde 3, hivyo anayeona mmweko na kusikia ngurumo baada ya sekunde 9 yuko kilomita 3 tu kutoka ilipopiga, na huo ni umbali ambao mpigo unaofuata unaweza kuuruka kwa urahisi. Subira inayoshauriwa ni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kutoka nje.

Ndani ya nyumba, kifaa kilichoanguka kinaweza kurudishwa mara moja, kwa mkono mkavu, na mtu akiwa amesimama pakavu. Kikianguka tena papo hapo, kiachwe. Kukisukuma mara tano au sita hakuponyi chochote. Ni kupeleka umeme tena na tena mahali ambapo huenda pana chuma chenye umeme na mtu aliyelowa karibu yake. Saketi ya nje izimwe peke yake na nyumba iendelee na saketi nyingine, iwapo bodi inaruhusu.

Kazi ya kufungua visanduku, kukata maungio na kupima kihami, yaani ganda linalozuia umeme kutoka nje ya waya, imuhusu fundi umeme aliyefuzu. Mwenye nyumba ana kazi yake kubwa ya kutosha: kutazama, kuchomoa vinavyochomolewa, na kuandika.

Ni kipi kilichoanguka?

Swali hili hurukwa mara nyingi, ilhali jibu lake hugawa tatizo katikati. Breka ndogo ya kawaida, ile ambayo mafundi huiita MCB, huangalia wingi wa mkondo peke yake: huanguka pale waya wa moto unapogusana na mwingine kwa nguvu, au chombo kinapovuta umeme kupita kiasi. RCD, kifaa cha kukata umeme unapovuja, hufanya kazi tofauti kabisa. Hulinganisha mkondo unaotoka kwenye waya wa moto na ule unaorudi kwenye nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, na tofauti ikizidi kiwango chake, huhesabu kwamba umeme umepata njia nyingine ya kwenda ardhini, pengine kupitia mwili wa mtu, kisha hukata. RCD ya miliampia 30, ambayo ndiyo ya kawaida kwa soketi na saketi za nje, haitakiwi kuanguka mvujo ukiwa miliampia 15 au pungufu, na ni lazima ianguke ndani ya sekunde 0.3 mvujo unapofika 30. Baina ya viwango hivyo viwili kila kifaa kina tabia yake. Ndiyo maana nyumba mbili zenye kasoro inayofanana huweza kutofautiana, moja ikikatikiwa na nyingine ikiendelea kuwaka.

Vipo pia vifaa vinavyounganisha kazi zote mbili ndani ya kasha moja, na hivyo havisemi vyenyewe ni sababu ipi iliyoviangusha. Hapo itabidi kutegemea dalili nyingine.

Tena, si kila kuzimika ni kujikata. Kilinda volteji kilichofungwa kwa ajili ya pampu au friji hukata umeme unapoyumba, kisha husubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha chenyewe. Nimeitwa zaidi ya mara moja kutafuta mvujo ambao haukuwepo, kwa sababu tu hakuna aliyekwenda kutazama kama kuna breka iliyoshuka.

RCD ikianguka, tafuta maji na vihami vilivyochoka. MCB ikianguka peke yake huku RCD ikibaki juu, tafuta waya zilizobanwa au kugusana, mota iliyokwama, au vyombo vingi vilivyowaka kwa pamoja.

Inajikata wingu linapotanda, kabla ya tone la kwanza

Dalili hii huwapotosha watu kuliko zote, kwa kuwa huonekana kama ishara ya radi isiyo na mjadala: mbingu imekuwa nyeusi, ngurumo inasikika mbali, ardhi bado ni kavu, na RCD imeanguka. Kabla ya kukubali maelezo hayo, jiulize ni kitu gani kwenye saketi hiyo huwaka chenyewe giza linapoingia. Taa nyingi za nje huongozwa na kihisi cha mwanga, na wingu zito la saa tisa alasiri hukidanganya kihisi hicho kwamba jua limezama. Taa zinawaka, na kasoro iliyokuwa imelala ndani ya mojawapo inapata umeme. Katika hali hiyo radi haikuhusika kamwe. Kujaribu ni rahisi: siku kavu, saa sita mchana, kifunike kihisi kwa kitambaa kizito na usubiri dakika kadhaa taa ziwake. RCD ikianguka chini ya jua kali, mjadala wa radi umekwisha.

Sababu ya pili ya kujikata mapema ni upepo. Kebo ya angani inayokwenda kwenye kibanda cha uani husugua ukingo wa bati au tawi la mti, na kihami chake hulika taratibu hadi shaba inachungulia. Alama zake huonekana kwa macho, hasa kwa darubini ndogo ya mkononi: sehemu iliyong'aa kama imepigwa msasa, au mstari mweusi kwenye ukingo wa bati. Upepo hufichua pia skrubu zilizolegea ndani ya taa za nguzoni, ambazo hutikisika hadi waya ukaegemea chuma. Hapa huwa ni MCB au RCD, kutegemea waya umegusa nini.

Inajikata matone ya kwanza yanapoanguka

Maji yakikiangusha kifaa ndani ya dakika moja au mbili, basi hayakuwa na safari ndefu. Kasoro ipo mahali palipo wazi: soketi ya nje ambayo kifuniko chake hakifungi kwa sababu plagi imeachwa ndani, kishikio cha taa kilichopasuka, swichi ya kengele ya getini, au jointi iliyozungushiwa tepu na kuachwa ukutani. Tembea na macho kabla ya kutembea na bisibisi.

Watu hushangaa maji machache hivyo yatoshe. Maji safi kabisa hupitisha umeme kwa shida, lakini ya mvua hayakai safi. Yakishateremka juu ya vumbi, kinyesi cha wadudu na chumvi iliyoganda kwenye viungo vya shaba, huwa kimiminika kinachopitisha umeme vizuri. Hesabu yenyewe ni fupi. Kwa umeme wa volti 230, njia yenye ukinzani wa kiloom 46 hupitisha miliampia 5. Taa moja yenye unyevunyevu wa kiasi hicho haitaiangusha RCD ya miliampia 30, wala mbili, wala tatu. Taa tano kwa pamoja ni miliampia 25, na hapo RCD iliyo nyepesi tayari imeshuka. Hii ndiyo sababu ya kisa kinachojirudia, ambapo fundi hubadilisha taa moja, tatizo hutulia kwa mvua mbili, kisha hurudi, na kila mtu huamini kwamba ni jipya. Taa nne zilizobaki zilikuwa bado zinavujisha.

Inajikata baada ya dakika kumi na tano, ishirini au zaidi

Ucheleweshaji unamaanisha kwamba maji yalisafiri au yalijikusanya. Huu ndio uwanja wenye mambo mengi kuliko mengine.

Njia ya kwanza ni kebo yenyewe. Maji hufuata kebo kama yanavyofuata kamba ya kuanikia nguo: yanateremka juu ya koti lake hadi yanapokutana na tundu, na kama tundu liko chini kuliko kebo inakotokea, yanaingia. Kebo inayoingia kwenye kisanduku ilipaswa kushushwa kidogo chini ya tundu na kupandishwa tena, ili matone yadondoke kwenye kona ya chini kabla ya kufika mlangoni. Mkunjo huo mdogo hugharimu urefu wa kiganja wa kebo, na bado huachwa.

Njia ya pili ni bomba la waya. Bomba lililofukiwa kati ya nyumba na taa ya getini halibaki kavu hata likiunganishwa kwa gundi, kwa sababu hewa yenye joto huingia mchana na mvuke wake kugeuka maji usiku. Mvua kubwa huongeza maji hayo hadi yakafika mahali ambapo waya wa kawaida wa ndani, usiotengenezwa kwa ajili ya kuloweshwa, umechubuliwa wakati wa kuvutwa. Niliwahi kuhangaika na taa ya ukuta ambayo ilikuwa kavu ndani kila nilipoifungua. Mvua iliyofuata nilikaa hapo. Maji yalikuwa yakiingia kwenye ufa wa saruji juu kabisa ya ukuta, yanateremka ndani ya bomba kwa karibu dakika ishirini, yanakijaza kisanduku kilichozikwa nyuma ya taa hadi usawa wa konekta, kisha yananywewa na tofali taratibu usiku kucha. Asubuhi hakukuwa na tone. Kilichobaki ni mstari mwembamba wa matope ndani ya kisanduku, kwa urefu uleule wa konekta, na unga wa kijani kwenye ncha za shaba.

Mstari huo wa matope ni ushahidi wa kutafutwa katika kila kisanduku. Pamoja nao tazama unga wa kijani kwenye shaba, kutu kwenye skrubu, vumbi la kichuguu, mjusi aliyekauka, na hasa mchoro mweusi kama mizizi midogo kwenye plastiki kati ya waya wa moto na ethi, yaani waya unaokwenda ardhini. Mchoro huo ni kaboni iliyochomwa na mkondo mdogo uliokuwa ukitambaa juu ya uso wenye unyevu. Ukishakuwepo haukaushiki: plastiki hiyo imegeuka njia ya umeme, na kipande chote kitupwe hata kama bado kinaonekana kizima.

Njia ya tatu hupatikana ardhini. Kebo iliyofukiwa ikipigwa na ncha ya jembe, jeraha dogo huweza kukaa miezi kadhaa bila dalili, mpaka udongo unapolowa hadi kina hicho. Jointi zilizofukiwa zikiwa zimezungushiwa tepu ya umeme peke yake hufanya vivyo hivyo, kwani tepu haizuii maji, huyashikilia.

Ya nne si safari ya maji, ila ni chombo kinachosubiri maji. Pampu ya shimo la maji ya mvua huwashwa na boya lake maji yanapofika usawa fulani, na usawa huo unaweza kufikiwa dakika kumi na tano baada ya mvua kuanza. Kama kihami cha mota kimechoka au kebo yake imeingiza maji kwenye jointi, saketi itajikata kila mvua kubwa na haitajikata mvua ndogo. Inua boya kwa fimbo kavu ya plastiki siku isiyo na mvua, huku umekaa mbali na maji, na uone kitakachotokea.

Inajikata sawia na mmweko, hata kukiwa kukavu

Sasa radi inastahili kushukiwa. Haihitaji kupiga nyumba wala nguzo ya karibu. Mpigo ulio mbali husababisha wimbi la volteji kwenye nyaya ndefu, na saketi ya nje, ikiwa na mita kadhaa za kebo zilizotandazwa bustanini, ni kama wavu wa kulinasa. Wimbi hilo hupita kwenda ardhini kupitia kapasita ndogo zilizomo ndani ya vifaa vya kielektroniki na kupitia kebo yenyewe, kwa muda wa sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini kwa nguvu ya kutosha kuishtua RCD. Dalili yake ni ya pekee: kifaa hurudi kwa utulivu mara tu kinaporudishwa, na hubaki juu hata mvua ikiendelea kunyesha.

Hapo kuna mambo mawili ya kuchunguza. La kwanza ni mvujo wa kila siku. Kila taa ya LED, kamera, kifaa cha getini na chaja huvujisha kiasi kidogo kwenda kwenye ethi, kwa kuwa ndivyo vilivyoundwa. Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni kwamba mvujo huo wa kawaida usizidi asilimia 30 ya kiwango cha RCD, yaani miliampia 9 kwa RCD ya miliampia 30. Hupimwa kwa klampu mita ya mvujo inayozungushwa waya wa moto na nyutro kwa pamoja. RCD iliyokwishabebeshwa miliampia 14 haihitaji radi kubwa, hata kikohozi cha gridi kinatosha. Tiba ni kugawa saketi: ya nje ipewe RCD yake, ili isichangie na kompyuta na friji za ndani.

La pili ni kizuia mawimbi ya volteji, ambacho mafundi hukiita SPD. Kwenye kisanduku cha breka hufungwa cha aina ya pili. Nyumba yenye mfumo wa kukinga radi juu ya paa huhitaji cha aina ya kwanza mahali umeme unapoingilia. Vingi vina kidirisha kidogo ambacho rangi yake ya kijani hugeuka nyekundu kipande cha ndani kinapokwisha, na nimekuta vilivyokwisha zamani huku mwenye nyumba akijivunia kuwa navyo. Waya zake ziwe fupi, jumla isizidi nusu mita, maana wimbi la radi huona kila sentimita ya waya kama kizuizi na huendelea na safari yake kwenye vifaa vingine. Ikiwa SPD imefungwa baada ya RCD, mkondo inaoupeleka ardhini ndio huohuo utakaoiangusha RCD. Hivyo mahali pake pa kawaida ni kabla ya RCD.

RCD za aina ya S, zenye ucheleweshaji mdogo, huvumilia mawimbi haya vizuri zaidi, lakini zinafaa kwenye njia kuu, huku nyuma yake kukiwa na RCD ya kawaida kwa kila saketi inayoguswa na watu. Kuifunga ya aina ya S peke yake kwenye soketi ya bustani ili isisumbue ni kuondoa kinga ya mtu kwa ajili ya starehe ya taa.

Breka ya saketi ya nje imezimwa, lakini RCD bado inaanguka

Mwenye nyumba amefanya busara: ameshusha breka ya saketi ya nje, na bado RCD ya nyumba nzima inashuka. Anahitimisha kwamba nje hakuna kosa. Hitimisho hilo huwapotezea watu siku nzima.

Breka nyingi ndogo hukata waya wa moto peke yake. Nyutro ya saketi ya nje inabaki imeunganishwa kwenye mhimili wa nyutro pamoja na saketi nyingine zote. Kama nyutro hiyo imegusana na ethi mahali fulani bustanini, ndani ya kisanduku kilichojaa maji kwa mfano, sehemu ya mkondo unaorudi kutoka kwenye pasi au jiko la ndani itachepukia huko, na RCD itaona upungufu. Dalili ni kwamba huanguka pale tu chombo kikubwa cha ndani kinapowashwa. Radi nayo huingia kwa mlango huu: mpigo wa karibu hubadilisha volteji ya ardhi yenyewe, na kiungo hicho cha nyutro na ethi hupitisha mkondo hata kama saketi nzima ya nje imezimwa.

Namna ya kuthibitisha ni kuzima swichi kuu, kuhakikisha kwa kipimo kwamba hakuna umeme, kisha kuchomoa nyutro ya saketi ya nje kutoka kwenye mhimili wake, kuifunika, na kurudisha nyumba. RCD ikitulia, kosa liko nje. Breka inayokata nguzo zote mbili ingeondoa utata huu tangu mwanzo, na kwa saketi za nje mimi siweki nyingine.

Inakataa kurudi hadi jua litoke, au inaanguka alfajiri

Kukataa kurudi kwa saa kadhaa ni uthibitisho wa maji yaliyotuama. Muda wa kukauka husema ni wapi: taa iliyo wazi hukauka kwa saa moja ya jua, kisanduku cha ukutani huchukua siku, na bomba la ardhini huweza kuchukua wiki. Kujikata alfajiri baada ya mvua ya jioni husababishwa na mvuke unaogeuka maji ndani ya taa zilizofungwa kabisa usiku unapopoa. Umeme ukirudi baada ya kukatika na MCB ikashuka palepale, sababu huwa mota zote zilizowaka kwa mkupuo. Zicheleweshwe, moja baada ya nyingine.

Kupima kabla ushahidi haujakauka

Kosa linalojirudia ni kumwita fundi siku mbili baadaye, kwenye jua. Kihami kipimwe kikiwa bado kimelowa, mara tu ngurumo zinapokuwa zimepita na muda wa kusubiri umekwisha. Umeme ukishazimwa na kufungiwa usirudishwe na mtu mwingine, taa za LED, vihisi, kamera na SPD huondolewa kwenye saketi, kwa kuwa volti 500 za kipima kihami, yaani mega, zinaweza kuziharibu. Waya wa moto na nyutro huunganishwa pamoja na kupimwa dhidi ya ethi. Kwa saketi za volti 230, kiwango cha chini kinachokubalika ni megaom 1, lakini mimi huiona saketi yenye megaom 2 kuwa ni mgonjwa anayetembea. Saketi nzuri husoma makumi au mamia.

Kipimo kikiwa kibaya, usianze mwanzo wa kebo kuelekea mwisho. Nenda kwenye kisanduku kilicho katikati, tenganisha, na upime kila upande. Saketi yenye visanduku nane humalizwa kwa vipimo vitatu.

Ikiwa kila kitu kimekwisha kukauka, mvua inaweza kuigizwa. Saketi ikiwa imezimwa na kuthibitishwa haina umeme, mwagilia kifaa kimoja kwa ndoo ya kumwagilia maua, kutoka juu kama mvua inavyoanguka, subiri dakika kumi, kisha pima. Nenda kwenye kinachofuata. Bomba la maji lenye msukumo lisitumike kwa taa ya daraja la IP44 (namba za IP huonyesha kifaa kinavyozuia vumbi na maji), kwa kuwa hiyo hustahimili marushorusho tu na itaonekana ina kosa ambalo mvua haingelisababisha. IP65 hustahimili maji ya msukumo, na IP67 huvumilia kuzama kwa muda hadi mita moja. Namba hizo ni za kifaa kilichofungwa sawasawa. Tundu moja lililotobolewa bila glandi, yaani kifungio kinachoibana kebo tunduni, huifuta namba yote.

Matengenezo yanayodumu

Tundu la kebo lihamishiwe chini ya kisanduku na lipewe glandi inayolingana na unene wa kebo. Mpira wa kuzuia maji uliokauka ubadilishwe. Jointi za ardhini zifanywe kwa seti ya resini, au, bora zaidi, ziondolewe kabisa kwa kuvuta kebo nzima isiyo na kiungo. Bomba lililofukiwa lichukuliwe kuwa ni mahali penye maji siku zote, na ndani yake iwekwe kebo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Silikoni nina ugomvi nayo. Watu huipaka kila mahali hadi kisanduku kinashika maji ndani kama kilivyokusudiwa kuyazuia nje, na ile inayonuka siki hutoa asidi inayokula shaba. Kama ni lazima itumike, iwe isiyo na harufu hiyo, ipakwe juu na pembeni, na ukingo wa chini uachwe wazi ili kinachoingia kipate pa kutokea.

Usiwe na haraka ya kuilaumu RCD yenyewe. Bonyeza kitufe chake cha majaribio. Kisipoiangusha, ndipo ibadilishwe. Ikianguka kwa kitufe lakini unashuku ni nyepesi kupita kiasi, fundi ana kipimo cha kupandisha mvujo taratibu na kusoma ni miliampia ngapi inapoangukia. Chini ya 15 ni mbovu. Kuibadilisha kwa ya miliampia 100 au 300 ili taa zisizimike kutaficha mvujo ule ule unaoweza kumuua anayeshika nguzo ya taa akiwa miguu mitupu kwenye majani yaliyolowa.

Kazi ikiisha, pima tena kila sehemu ikiwa imeloweshwa, na uandike megaom za kila tawi pamoja na tarehe upande wa ndani wa kifuniko cha kisanduku cha breka, kwa kalamu isiyofutika. Tawi lililosoma 80 mwaka huu na likasoma 6 mwakani limekwisha kusema ni wapi pa kufungua kwanza, hata kama bado hakuna breka iliyoanguka.